Rujewa: Mtungi upo jikoni, sasa regulata ipi?

Ukitoka Mbeya mjini asubuhi ya mwezi wa saba unavaa sweta. Chimala unalivua, na ukishuka Igawa unaanza kutafuta kivuli. Ndivyo barabara kuu inavyokutoa kwenye baridi ya Uyole, ikakupitisha mteremko wa Inyala ambako abiria wote kwenye kosta hunyamaza kidogo, kisha ikakufikisha kwenye tambarare ya Usangu. Igawa unaiacha barabara ya kwenda Makambako, unaingia kwenye bajaji, na baada ya kilomita chache uko Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali.

Huu ni mji wa mpunga. Mashine za kukoboa zinaunguruma tangu alfajiri, na nyuma ya kila mashine kuna kilima cha pumba. Pumba hizo zinachomea matofali, na kwenye nyumba kadhaa nilizopita zinapikia pia. Salamu hapa ni "Kamwene", ambayo Wasangu, Wahehe na Wabena wanaelewana, lakini ukiitikia kwa Kiswahili hakuna anayekushangaa. Mpunga umewaleta watu wa kila kabila.

Mwezi wa saba ni mwezi wa pesa. Wengi wameshavuna, wengine wameshauza, na kila mtu ana kitu alichokiahidi nyumbani. Bati, ada, baiskeli. Miaka hii imeongezeka ahadi nyingine: jiko la gesi.

Nilikwenda kwa ajili ya moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya ndani ya nyumba, inayotokana hasa na kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Nilitaka kusikia kina mama wa Rujewa wanayapokeaje hayo yote. Nikakuta mazungumzo yameshahama.

"Moshi tunaujua, dada, tumekua nao," aliniambia mama mmoja wa watoto watatu, anayeuza vitumbua karibu na stendi. "Wewe tuambie hiki kidude cha juu ya mtungi. Kuna cha elfu kumi na mbili na kuna cha elfu thelathini na tano. Tofauti yake nini?"

Kidude ni regulata. Na swali lake, nikiri, lilikuwa bora kuliko yote niliyokuwa nimeyaandika kwenye daftari.

Mwenyewe anao mtungi wa kilo 6, alioupata kwa bei ya ruzuku. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukipita wilaya kwa wilaya ukiuza mitungi ya aina hiyo kwa punguzo la asilimia 50. Mtungi huo unakuja na kichomeo kinachofungwa moja kwa moja juu yake, na sufuria inakaa juu ya kichomeo. Hakuna mpira, hakuna regulata. Unafungua koki kwa mkono, unawasha, unapika.

Kwa mtu anayeishi peke yake, hiyo inatosha. Kwa nyumba yenye watoto ina kasoro mbili. Sufuria ya wali iko juu ya mtungi uliosimama sakafuni, kwa hiyo mpini wake uko usawa wa uso wa mtoto wa miaka mitatu. Ukiugusa, vyote vinakwenda. Ya pili ni kwamba moto ni mmoja. Uji wa mtoto ukiwa jikoni, chai ya baba inasubiri, na mama mwenye haraka anarudi kuwasha mkaa kwa ajili ya sufuria ya pili. Gesi imenunuliwa lakini moshi haujaondoka.

Ndiyo maana wengi wanaokwenda dukani mwezi wa saba wanatafuta jiko la pleti mbili. Pesa inakatwa hivi: jiko kwanza, kwa sababu ndilo linaloonekana na wageni. Kisha mpira. Regulata inanunuliwa kwa chenji iliyobaki.

Nadhani utaratibu huo ungegeuzwa. Jiko lenye kioo na jiko la bati vinaivisha maharage yaleyale. Regulata mbaya haikupi nafasi ya pili.

Kazi ya regulata mkulima wa Mbarali haihitaji kufundishwa, maana anayo shambani. Maji ya mto yakiingia yote kwenye jaruba yanang'oa miche. Kwa hiyo kuna lango kwenye mfereji, linapitisha kiasi ambacho jaruba linaweza kubeba. Ndani ya mtungi gesi imebanwa mpaka imekuwa maji, na kwenye joto kama la Usangu presha yake inaweza kuwa mara mbili au zaidi ya presha ya tairi la gari dogo. Jiko la nyumbani linataka presha ya takriban bar 0.03 tu, yaani hata sehemu moja ya mia haifiki. Kinachosimama katikati ni kidude hicho cha ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ndani yake kuna springi na utando wa mpira unaopanda na kushuka, ukifungua na kubana njia ya gesi.

Duka nililopelekwa liko upande wa soko, linauza spea za pikipiki, taa za sola na vifaa vya gesi. Muuzaji, kijana mpole, alizipanga regulata zote mezani kama anayeanza kucheza drafti.

"Wateja wanauliza bei tu," alisema. "Mimi ndiyo nawauliza, jiko lako lipi, mtungi wako upi? Wengine wanakasirika, wanaona nawapotezea muda."

Asingewauliza ningekasirika mimi. Regulata zilizokuwa mezani zilikuwa za jamaa mbili tofauti kabisa, na kwa macho ya mtu aliyechoka zinafanana.

Ya kwanza ni ya presha ndogo. Mara nyingi ina umbo la uyoga, haina kitu cha kurekebisha presha. Ina swichi ya kufungua na kufunga tu, au kishikio cha kukaza. Kiwandani imeshapangiwa presha moja na huwezi kuibadilisha. Hii ndiyo ya jiko la nyumbani.

Ya pili ni ya presha kubwa. Ina kinobu cha kuzungusha juu, kadiri unavyokaza ndivyo gesi inavyozidi. Hii ni ya majiko makubwa ya chini, yale ya chipsi, ya mama lishe wa shughuli za harusi, ya kuchemshia sufuria ya lita mia. Tatizo ni kwamba kinobu kinamvutia mnunuzi. Anaona kama anapata zaidi. "Hii unaongeza moto utakavyo," mteja mmoja alimwambia mwenzake mbele yangu, akiishika kwa furaha. Ukiifunga kwenye jiko la pleti mbili, moto unaruka juu ya sufuria, koki za jiko ambazo hazikutengenezwa kwa presha hiyo zinaanza kuvuja, na mpira ulioshikwa na klipu nyepesi unaweza kuchomoka gesi ikiwa wazi. Kwa nyumba yenye watoto, hata ikiuzwa nusu bei, usiichukue.

Yupo anayeihitaji, na nilimkuta jirani tu na soko. Ni mama mtu mzima anayepika komoni, pombe ya unga wa mahindi na kimea, kwenye pipa lililokatwa. Nilimsalimu shikamoo, akaniitikia bila kuacha kukoroga. Komoni inachemka kwa saa nyingi na kuni zinakwenda kwa mzigo. (Watu wa Iringa wana ulanzi, unagemwa tu kwenye mwanzi bila hata kiberiti, lakini Rujewa si nchi ya mianzi.) Mwanawe anamshawishi ahamie kwenye gesi. Kwake yeye jiko kubwa la chini na regulata ya presha kubwa ndiyo vifaa halali, mradi mpira nao uwe wa presha kubwa, na mtungi ukae mbali na pipa, nje penye hewa.

"Na gesi ikiisha katikati, pombe inaharibika," alisema. "Kuni haziishi bila kukuaga."

Sikuwa na la kumjibu hapo hapo. Nitalirudia mbele.

Habari ya pombe iliniongoza kwenye kitu kingine. Kwenye kabati la duka lile kulikuwa na regulata moja nzito ya shaba, yenye saa mbili za kupimia presha, inang'aa. Muuzaji alisema ilitoka kwenye baa iliyouza vifaa vyake. Ilikuwa ya bia ya kegi. Kenya wanaifahamu zaidi, tangu Senator Keg iingie sokoni mwaka 2004, na Ulaya na Marekani wapo watu wanaotengeneza bia nyumbani kama mama huyu anavyopika komoni, ila wao wanaiweka kwenye kegi na kuisukuma kwa gesi ya kaboni. Nao wanahangaika kama sisi: regulata ipi ni nafuu na haivuji.

Ninaitaja kwa sababu muuzaji alisema wateja wawili walishaiulizia kwa ajili ya jikoni. Ina saa, ni nzito, imetoka mjini, basi itakuwa imara zaidi. Hapana. Mtungi wa gesi ya kaboni una presha ya karibu bar 60, na ikiwa joto inapanda zaidi. Regulata yake inaishusha hadi kama bar moja ya kusukumia bia, ambayo bado ni zaidi ya mara 30 ya presha inayotakiwa na jiko la nyumbani. Nyuzi zake za kufungia ni nyingine na mipira yake ya ndani haikuchaguliwa kwa gesi ya kupikia. Mafundi wa kuchomelea vyuma wanalijua jambo hili vizuri. Chupa ya oksijeni hufungwa kwa kulia na ya gesi inayowaka kwa kushoto, makusudi, ili asitokee mtu wa kulazimisha kimoja kiingie kwa kingine. Ukimsikia fundi akisema "nitakutengenezea adapta" kwa ajili ya jiko la nyumbani, mshukuru, uondoke.

Nirudi kwenye meza ya drafti.

Ukishajua unataka presha ndogo, swali linalofuata ni mdomo. Valvu za mitungi hazifanani. Zipo za kubana kwa juu, zenye kipenyo cha milimita 20, 21, 22 au 27, na zipo za kukaza kwa nyuzi kama ile ya mtungi mdogo wenye kichomeo. Milimita moja kwa macho huioni, lakini regulata ya 22 kwenye valvu ya 20 inakaa kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Wakenya walijaribu kulimaliza tatizo hili mwaka 2009, kwa kanuni zilizotaka mitungi ya majumbani ya kampuni zote iwe na valvu ya aina moja. Sisi tunaobadilisha kampuni kufuata mtungi uliopo kwa wakala, tuangalie valvu kila tunapobadilisha. Usiende dukani na kumbukumbu. Nenda na mtungi, au walau upige picha ya valvu kwa simu na uulize jina la aina yake kwa wakala aliyekuuzia gesi.

Kisha bei. Kati ya zile za presha ndogo, nilitajiwa kuanzia Sh12,000 hadi Sh35,000. Nilizigeuza zote.

Ya bei ya chini kabisa haikuwa na maandishi yoyote. Hapana jina la kiwanda, hapana presha, hapana mwaka. Nembo ya Shirika la Viwango, TBS, hapana. Nyepesi kama kifuniko. Zilizofuata, za katikati, zilikuwa zimechongwa kwenye chuma chenyewe presha inayotoka, kiasi cha gesi inachopitisha kwa saa, na mwaka wa kutengenezwa. Ya Sh35,000 ilikuwa kama hizo za katikati, imeongezewa saa ya kupimia.

Hapa ndipo mzazi anaweza kuokoa pesa bila kuhatarisha mtu. Ile saa haikuambii gesi imebaki kiasi gani, ingawa wengi wanainunua kwa sababu hiyo. Maadamu ndani ya mtungi bado kuna gesi ya maji, presha inabaki ileile, iwe umejaa au umebaki robo. Mshale unaanguka dakika za mwisho tu, wakati wali umeshaanza kukulalamikia. Saa inasaidia kugundua uvujaji, lakini povu la sabuni linafanya kazi hiyo kwa shilingi mia.

Wala usilipie regulata ya kupitisha gesi nyingi. Jiko la pleti mbili, ukiwasha zote kwa nguvu, linatumia kama nusu kilo kwa saa. Regulata iliyoandikwa kilo 1 au 1.5 kwa saa inatosha na kubaki.

Kama una elfu chache za ziada, ziweke kwenye regulata yenye kifungio cha dharura, ile inayokata gesi yenyewe mpira ukichomoka au ukikatika. Si kila duka linayo. Uliza, maana muuzaji asipoulizwa haagizi.

Ya mtumba usinunue kabisa. Utando wa ndani ni mpira, na mpira unazeeka hata ukikaa kabatini. Ushauri wa kawaida kwenye nchi zilizotumia gesi kwa muda mrefu ni kubadilisha regulata ndani ya miaka 10 tangu ilipotengenezwa, na mapema zaidi ikionyesha kutu au ikianza kusumbua kufunga. Ya mtumba hujui ina miaka mingapi wala ilianguka mara ngapi.

Angalia pia kitundu kidogo kilicho juu au pembeni ya regulata. Si kasoro. Ndicho kinachoruhusu ule utando upumue. Nyigu wa udongo wanakipenda, na nyumba za Usangu wamejaa. Kikizibwa, au kikipakwa rangi na fundi msafi kupita kiasi, regulata haiwezi tena kupima sawasawa.

Mpira wa gesi nao una maandishi yake. Ule mweupe unaopitisha mwanga, wa kumwagilia bustani, gesi inauharibu na kuupasua. Chukua wa gesi, usiozidi mita moja na nusu, usipite nyuma ya jiko ambako moto unaufikia. Klipu mbili, moja kila mwisho, za kukaza kwa bisibisi. Waya wa kufungia haukubaliki, hata ukizungushwa mara kumi.

Mama wa vitumbua aliondoka na regulata ya katikati, Sh22,000, mpira na klipu mbili. Jiko alichukua la bei ya chini kuliko alilokuwa amelipigia hesabu. Alinikaribisha nyumbani, na nilikwenda.

Jikoni kwake kuna mlango mmoja na dirisha dogo la juu. Tuliuzungumzia mlango kuliko dirisha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi kama moshi. Inashuka, inatambaa sakafuni kama maji, inatulia penye bonde. Mtoto anayetambaa yuko humo kabla ya mama aliyesimama kuinusa vizuri. Harufu yake kali imewekwa makusudi, maana yenyewe haina harufu. Ukiisikia, funga koki ya mtungi, fungua mlango, toa watoto nje, usiguse swichi ya taa wala kuwasha simu humo ndani. Mtungi wenyewe usimame wima siku zote, usilazwe ili "gesi ya mwisho itoke", kwa sababu kinachotoka hapo ni gesi ya maji na regulata haikutengenezwa kuipima. Moto ukishika, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, hailipiwi.

Mume wake aliuhamishia mtungi nje ya ukuta, akapitisha mpira kwenye tundu alilolipaka vizuri kingo zake ili zisiukate. Kisha tukakoroga sabuni ya unga kwenye kikombe mpaka povu likasimama. Koki ya mtungi ikafunguliwa, jiko likiwa limezimwa. Mama akapaka povu kwa kitambaa: kwenye valvu, kwenye regulata, kwenye klipu ya kwanza. Kimya. Kwenye klipu ya pili, upande wa jiko, vikaibuka vipovu vidogo, kimoja baada ya kingine, kama samaki anapumua. Mtoto wa miaka saba alicheka, akaona mchezo. Baba akafunga koki, akakaza klipu nusu duara, akafungua tena. Wakapaka upya. Vipovu havikurudi.

Jaribio hilo linafanywa kila mtungi unapobadilishwa. Si kwa kiberiti, ingawa wapo wanaojisifu hivyo.

Bibi wa nyumba, mama yake mume, alikuwa ameketi kwenye kigoda akitutazama. Aliuliza swali moja tu: mtoto akiungua, mnafanya nini? Nilifurahi ameuliza yeye. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 180,000 vya kuungua kila mwaka, vingi vikiwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na jikoni ndiko wanakoungulia zaidi wanawake na watoto. Jibu ni maji. Maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, yakitiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Ukiwa huna bomba, mwagilia kwa kikombe taratibu. Vua nguo na bangili zilizo karibu na jeraha, ila kilichoganda kwenye ngozi usikibandue. Funika kwa kitambaa safi, mfunike mtoto asipate baridi, nendeni kituo cha afya. Dawa ya meno, unga, yai, mafuta, majivu, vyote viache.

"Sisi tulipaka asali," alisema bibi. Nilimwomba asali nayo isubiri, jeraha lionwe kwanza na mhudumu wa afya. Akatikisa kichwa, sikujua kama ni kukubali.

Lilibaki lile la mama wa komoni, gesi kuisha bila kuaga. Saa haisaidii, na kuugonga mtungi kwa kucha usikilize mlio ni kubahatisha. Lakini Rujewa ina kitu ambacho miji mingi haina kila kona: mizani ya mpunga. Kwenye shingo au mwili wa kila mtungi kumeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Unafunga koki, unaondoa regulata, unapima, unatoa. Hata siku ya kununua mtungi uliojazwa unaweza kufanya hivyo mbele ya wakala, na wakala mwaminifu hatanuna.

Jioni ile baba alipakia mtungi kwenye baiskeli akaupeleka kwenye mashine ya jirani. Mhuri ulisema kilo 7.6. Mizani ilisoma 10.4. Mwenye mashine, mikono ikiwa meupe kwa vumbi la pumba, aliandika kwa chaki ukutani, chini ya hesabu za magunia: gesi, 2.8.